Sauti Iliyoandikwa Jina Langu

Barua ilifika Jumatatu ikiwa na majina yangu yote manne, kama mama anavyoniita akiwa amekasirika: Dilenia Mercedes Toribio Almonte. Chini yake waliandika: kipindi cha majaribio, meza namba sita. Niliisoma nimesimama kando ya mtungi wa maji, kwa sababu nilihisi nikikaa sitainuka tena.

"Mhudumu huyu anaongea mno," ilisema. "Anawaita wagonjwa mpenzi wangu, moyo wangu, roho yangu. Anacheka kwa sauti. Tarehe kumi na nne alimshauri mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa jicho aweke juu yake pamba iliyoloweshwa chai ya maua ya kamomili. Siku nyingine, hata hivyo, ni mtu tofauti kabisa: mtaratibu, mwenye sauti ya chini, mwenye heshima. Mhudumu aamue yeye ni nani. Sipendekezi aajiriwe. Uamuzi wa mwisho ni wa msimamizi wake, siku ya Alhamisi."

Nikaisoma tena. Mimi sijawahi kumwita mtu mpenzi wangu, hata yule aliyekuwa mpenzi wangu mwaka wa pili chuoni.

Kazi yetu ilikuwa kupokea simu za wagonjwa wa kliniki ya macho, hapa Santiago, ghorofa ya pili juu ya duka la dawa. Tulikuwa wanawake sita. Tulipanga miadi, tukawakumbusha watu waje bila kula, tukawasomea wazee namna ya kutumia dawa zao za matone. Kila simu ilirekodiwa ndani ya kompyuta chini ya jina la mwenye meza, na rekodi zilisikilizwa huko mji mkuu na mtu anayesaini Tavárez, ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwona. Hatukujua hata kama ni mwanamume au mwanamke.

Niliihitaji kazi ile. Nilisomea ualimu, na shule zote tatu nilizoitwa kwa usaili ziliniaga kwa maneno yaleyale: sauti yako haifiki nyuma ya darasa. Hapa sauti haikuhitaji kufika nyuma. Ilihitaji kufika kwenye sikio moja tu, na mara nyingi lilikuwa sikio la mtu mzima asiyeona vizuri, mwenye hofu, asiye na haraka. Kwa mara ya kwanza maishani watu walikuwa wakiniambia, "Asante, binti, nimekuelewa." Sasa Tavárez alikuwa anasema kwamba binti huyo alimwambia mtu aweke kamomili kwenye jicho lenye kidonda.

Na ajabu ni kwamba maneno yale niliyafahamu. Mtu yeyote chumbani mle angeyafahamu. Yalikuwa maneno ya Doña Nereida.

Doña Nereida, Doña kwa heshima ya umri wake, alikaa mbele yangu. Meza zetu ziligusana, katikati kukiwa na ubao wa kitambaa cha kijivu unaofika kidevuni. Alikuwa na miaka kumi na minne kwenye kazi hiyo, na ni kwa sababu yake tulikuwa na simu za mkonga. Awali, kabla sijafika, kliniki ilitaka wote wavae visikilizi vya kichwani. Doña Nereida alivitazama vile visikilizi kama mtu aliyeletewa kofia ya askari.

"Mimi naamka saa kumi na moja Jumamosi kwenda saluni," alimwambia msimamizi wetu, Polanco, anayeitwa Licenciada kwa sababu ya shahada yake. "Nakaa na roli kichwani chini ya kile kikaushio mpaka masikio yanaiva. Halafu Jumatatu univalishe hiki chuma kinilaze nywele? Nifukuze tu, Licenciada. Nifukuze nikiwa nimependeza."

Wenzake wote walimuunga mkono. Kwa hiyo zikaletwa simu za mezani ambazo si za mezani: zina mkonga, zina vitufe, zinalia kama simu za kawaida, lakini waya wake hauendi ukutani. Unaingia kwenye kompyuta, kwenye tundu la USB, na simu yenyewe hupigwa na kompyuta. Fundi aliyezifunga aliwaambia wasiguse kitu chochote kwenye skrini. Kuna dirisha dogo pembeni, likiwa la kijani mtu anaongea, likiwa la kijivu mstari umefungwa. "Ninyi inueni mkonga, ongeeni, rudisheni mkonga," alisema. "Yaliyobaki ni kazi ya mashine."

Doña Nereida alibandika picha ya mjukuu wake palepale penye lile dirisha.

Jumatatu ile hakuona kwamba nimesimama karibu na maji na barua mkononi, kwa sababu naye alikuwa amepata barua yake.

"Sikilizeni, wanawake!" alisema, akapanda kwenye ngazi ndogo tunayotumia kufikia mafaili. "Miaka kumi na minne wananiandikia mimi napayuka. Sikilizeni mwaka huu. 'Sauti yake tulivu ni faraja. Subira yake kwa wazee ni ya pekee. Hurudia maelezo mara nne bila kuchoka.' Mara nne! Mimi!"

"Barua si yako hiyo, wamekosea anwani," alisema Yudelka wa meza namba tatu.

"Wivu utakutoa chunusi. Soma jina."

"Endelea chini. Mbona umeikunja?"

"Chini ni mambo ya ofisi," alisema Doña Nereida, akashuka.

Aliibandika kwenye ubao wa kijivu, upande wake, ikiwa imekunjwa nusu. Aliipiga picha akamtumia dada yake Zunilda aliyeko Nueva York. Kesho yake akaleta keki ya nanasi, akanikatia kipande kikubwa kuliko vya wengine. "Kula, mwanangu. Umepauka. Barua yako imesemaje?"

"Nzuri tu," nikasema, nikajaza keki mdomoni.

Nilichanganyikiwa kwa namna ambayo sikuwahi kuchanganyikiwa. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba Tavárez amekosea. Lakini barua ilisema "siku nyingine", na siku hizo nyingine nilikuwa ni mimi kabisa, na heshima zangu na sauti yangu ya chini. Wazo la pili lilikuwa baya zaidi. Miezi mitatu nimekaa mbele ya mwanamke anayesema "moyo wangu" mara mia kwa siku. Huenda nilikuwa nimeyavuta maneno yake kama nguo inavyovuta harufu ya vitunguu. Huenda nayasema bila kujisikia.

Jioni ya Jumatatu ile nilimwuliza mama, "Mimi huwa naongea usingizini?"

Mama alikuwa anaponda ndizi za chakula cha usiku. "Wewe? Wewe hata ukiwa macho huongei."

"Hujawahi kunisikia nikimwambia mtu kitu, halafu mimi nisikumbuke?"

Akaacha kuponda. "Dilenia, una mimba?"

"Mama!"

"Basi kula ulale."

Jumanne umeme ulikatika saa nne asubuhi. Jenereta ya kliniki ni ya vyumba vya upasuaji tu, sisi hungoja. Na kungoja kwetu kuna utaratibu wake, ambao mwenyekiti wake ni Doña Nereida. Amewahi kuunguliwa na friji, halafu televisheni, halafu feni mbili, kila mara umeme uliporudi kwa kishindo. Kwa hiyo taa zilipozima tu, alipiga kelele, "Chomoeni!" na kila mtu akachomoa. Kompyuta, skrini, feni, mashine ya kahawa. Simu pia.

Fundi alijaribu mara moja kumweleza kwamba simu hizi hazihitaji kuchomolewa. "Doña, hii haiko ukutani. Iko kwenye kompyuta."

"Na kompyuta iko wapi? Mwezini?"

Fundi hakurudia.

Umeme uliporudi, mtaa mzima ulishangilia, kuanzia kinyozi wa chini hadi wagonjwa kwenye benchi. Lakini hakuna aliyechomeka kitu kabla Doña Nereida hajamaliza Salamu Maria tatu. Alisema mbili hazitoshi, friji lake lilikufa kwenye ya pili. Baada ya ya tatu akapiga magoti chini ya meza zetu, akisema, "Wewe kaa, umevaa sketi," akachomeka vyake na vyangu. Nyaya za simu zetu zilikuwa nyeusi zote mbili, na zote zilishuka katika tundu moja lililotobolewa pale meza zinapokutana.

Nilimtazama akifanya hivyo kama nilivyomtazama mara nyingi, wala sikufikiri lolote. Nilikuwa nafikiria Alhamisi.

Jumatano nikaanza kujichunguza. Niliweka karatasi mezani na nikaamua kuandika kila neno nitakalomwambia mgonjwa, ili nijue mimi ni nani. Simu ya kwanza ilikuwa ya Don Eligio, mzee wa Tamboril, anayepiga kila wiki kuuliza juu ya matone yaleyale, chupa tunazozitofautisha kwa rangi ya kofia zake.

"Kofia nyeupe asubuhi, Don Eligio. Kofia ya kijani usiku."

"Na ile ya njano?"

"Ya njano imekwisha wiki iliyopita. Uliitupa."

"Niliitupa mimi?"

"Ulinieleza kwamba mke wako ndiye aliyeitupa."

"Hapo sawa. Basi nyeupe ni usiku."

"Nyeupe ni asubuhi."

Niliandika yote. Hakuna moyo wangu, hakuna roho yangu. Niliinua macho kwenye skrini, na nikaona kwamba lile dirisha dogo lilikuwa la kijivu. Mstari umefungwa. Lakini Don Eligio alikuwa bado sikioni mwangu akirudia kofia ya kijani.

Niliwahi kuliona jambo hili wiki ya pili. Niliogopa kuuliza, nikajiambia labda mashine huchelewa. Sasa nilirudisha mkonga mahali pake, nikaketi bila kugusa kitu. Dirisha likawa la kijani.

Nilikuwa siongei na mtu. Mikono yangu ilikuwa mapajani. Na dirisha lilisema naongea, dakika moja, dakika mbili. Upande wa pili wa ubao Doña Nereida alikuwa anacheka. "Hapana, moyo wangu, usije na viatu virefu, utatoka hapa huoni, utaanguka kwenye ngazi niwe mimi wa kulia msibani. Haya. Haya, mpenzi. Mungu akubariki." Akarudisha mkonga. Dirisha langu likawa la kijivu.

Akainua tena. Kijani.

Ilikuwa kama kukaa mbele ya kioo na kumwona mtu mwingine akisogea ndani yake. Bado sikuelewa. Niliona tu kwamba kitu chenye jina langu kilikuwa kinamfuata mwanamke mwingine.

Saa sita wote walishuka kupasha moto chakula. Mimi nilisema sina njaa. Nilipobaki peke yangu nikabonyeza vitufe vya simu yangu: moja, mbili, tatu, nne. Kwenye skrini yangu hakukuwa na kitu. Nikazunguka hadi meza ya Doña Nereida, nikamwomba mjukuu wake msamaha, nikainua pembe ya picha. Palikuwa pameandikwa 1234.

Nikakaa kwenye kiti chake. Nyaya mbili, tundu moja, na mwanamke mmoja anayepiga magoti akichomeka kwa kubahatisha kila umeme unaporudi. Siku zingine alipatia. Siku zingine nilikuwa naongea ndani ya kompyuta yake na yeye ndani ya yangu. Ndiyo maana Tavárez alisikia watu wawili chini ya jina moja. Macho yangu yakaenda kwenye ubao, kwenye ile nusu ya barua. Hurudia maelezo mara nne bila kuchoka. Don Eligio. Kofia nyeupe asubuhi.

Ile ilikuwa barua yangu.

Nadhani mtu mwingine angefurahi. Mimi niliona tu ile ngazi ya mafaili na Doña Nereida juu yake. Miaka kumi na minne hakuna aliyewahi kumwandikia kitu cha kubandika. Nikimwambia Licenciada ukweli, ninamvua barua ile, na badala yake ninampa kamomili. Nikikaa kimya, kesho sina kazi, na sauti yangu inarudi kuwa ile isiyofika nyuma.

Nilitaka nibadilishe zile nyaya nijifanye sijaona. Lakini zikishabadilishwa, ningethibitisha nini? Na umeme ungeweza kukatika wakati wowote, Doña Nereida akapiga magoti, na mambo yakajinyoosha yenyewe bila mtu kujua kwamba yaliwahi kupinda.

Nilishuka nikamkuta jikoni, kijiko mkononi, anakoroga sukari kwenye birika la kahawa.

"Doña," nikasema. "Simu zetu zimepishana."

"Zimepishana vipi?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya. Nilianza na dirisha, nikarudi kwenye tundu, nikasahau barua, nikaikumbuka. Alinisikiliza huku kijiko kikizunguka.

"Subiri. Kwa hiyo mimi nikiongea, naongea kwako?"

"Unaongea kwenye kompyuta yangu."

"Na wewe kwenye yangu."

"Siku zingine."

"Siku zipi?"

"Sijui, Doña. Inategemea umechomeka vipi."

Kijiko kilisimama. "Na ile barua?"

Nilitazama sakafu. Yeye akamimina kahawa kikombe kimoja tu, cha kwake, akaondoka nacho bila kunywa. Niliporudi mezani ubao ulikuwa mtupu, pamebaki vipande vinne vya gundi ya karatasi. Mchana wote hakunisemesha. Wagonjwa aliwaambia "ndiyo" na "hapana" na "saa tatu". Yudelka alimwuliza kama anaumwa jino.

Usiku nilitunga hotuba ya kumpa Licenciada, nikaikariri, na asubuhi ya Alhamisi nilipoamka nilikuwa nimeisahau yote.

Doña Nereida aliingia saa mbili na nusu akiwa amefunga nywele kitambaa. Hakuna aliyewahi kumwona hivyo. Alikuja moja kwa moja upande wangu, akaegemea ubao.

"Nilikuwa najua," alisema.

"Unajua nini, Doña?"

Akatoa barua kwenye mkoba, akaikunjua sehemu ile ya chini. Ilisomeka: "Siku nyingine anapayuka kama yuko sokoni."

"Hapa chini ndiyo mimi. Mimi najijua. Ile ya juu nikajiambia, Nereida, labda ni umri, labda umetulia na wewe hukujiona." Akacheka kidogo, bila furaha. "Nilimwuliza mume wangu jana, mimi nimetulia? Akadhani namtega. Akatoka nje."

"Samahani, Doña."

"Samahani ya nini? Aliyechomeka ni nani?" Akanitazama. "Saa nne unaingia kwa Licenciada. Utamwambia nini?"

Nilitazama viatu vyangu.

"Ndiyo hiyo. Utakaa mbele yake utazame viatu, kama ile siku yake ya kuzaliwa tulipokutuma umpe kadi ukamkabidhi ukakimbia. Usiende. Mpigie."

"Nimpigie? Yuko pale." Ofisi ya Licenciada ilikuwa mwisho wa chumba, nyuma ya kioo. Nilimwona akipekua karatasi.

"Wewe ni mtu wa simu. Na waya bado haujaguswa, nimechungulia. Mpigie sasa hivi, kabla hawa watu hawajakata umeme."

"Lakini kamomili—"

"Kamomili ni ya bibi yangu na mimi ndiye nitakayeisema. Inua mkonga, mwanangu."

Nikainua. Nikabonyeza namba ya ofisi yake. Nyuma ya kioo simu ililia, Licenciada akatazama skrini yake, akapokea.

"Niambie, Nereida."

"Si Nereida, Licenciada. Ni Dilenia."

"Inaonyesha Nereida."

"Ndiyo. Hicho ndicho nilichotaka kukwambia."

"Umekaa kwenye meza ya Nereida?"

"Niko mezani kwangu. Ukiinua macho utaniona."

Akainua macho. Nikapunga mkono, na Doña Nereida naye akapunga, ingawa hakuna aliyemwomba. Licenciada akavua miwani, akaivaa, akatazama skrini yake, akanitazama.

"Sielewi," alisema.

"Hata mimi sikuelewa siku tatu," nikasema. Na hapo maneno yakaja. Sijui yalikuwa wapi. Nilimweleza taratibu, kama ninavyomweleza Don Eligio: kwanza nyaya, kisha tundu, kisha umeme. Aliponiuliza nikarudia. Aliponiuliza tena nikarudia. Mara ya nne niliona mkono wake ukienda kwenye nakala ya barua yangu iliyokuwa mezani kwake.

"Hurudia mara nne," alisema polepole, kama anasoma kitu kisichoandikwa kwenye karatasi ile.

"Hiyo iko kwenye barua ya Doña Nereida, Licenciada."

Akakata simu, akatoka. Alimwamuru Doña Nereida apige naye. Skrini ya ofisi yake, aliyoichungulia kupitia kioo, ikaonyesha Dilenia. Akaamuru mimi nipige tena. Nereida. Wanawake wote walikuwa wameshasimama. Licenciada, na viatu vyake virefu, akapiga magoti chini ya meza zetu, tukabaki tunatazama mgongo wake.

"Nani amechomeka hivi?" sauti ikatoka chini.

"Mimi," alisema Doña Nereida. "Baada ya Salamu Maria tatu."

"Na kwa nini simu zinachomolewa?"

Tulitazamana. Sote tulikuwa tunazichomoa kila umeme unapokatika. Yudelka akaigeuza simu yake, akafuata waya kwa macho hadi kwa jirani yake, uso ukambadilika. "Jamani," alisema, "ile barua yangu ya mwaka jana iliyosema mimi naongea puani..."

"Kila mtu akae!" alisema Licenciada akitambaa kutoka.

"Jambo moja, Licenciada," alisema Doña Nereida, amesimama wima kama mtoto anayekwenda kuadhibiwa. "Ile kamomili ni yangu. Huyu binti hana hatia."

Licenciada alipangusa magoti. "Najua ni yako, Nereida. Hata mimi ulinipa. Leo hii unampigia yule mgonjwa, unamwambia aache, na unampangia daktari amwone bila kungoja. Mimi nikiwa nimesimama hapa."

Alimpigia. Yule bwana alisema hakuweka kamomili yoyote, mkewe alikataa. Doña Nereida alirudisha mkonga, akafanya ishara ya msalaba.

Licenciada alifunga mlango wake siku mbili, akasikiliza rekodi za miezi mitatu, yeye anayetujua sauti zetu. Mara kadhaa tulimwona kupitia kioo akicheka na kuficha mdomo, na hatukujua alikuwa anasikiliza rekodi ya nani. Ijumaa jioni aliniita. Nilikaa, nikatazama viatu.

"Kofia nyeupe asubuhi," alisema.

"Ndiyo, Licenciada."

"Nimemwandikia Tavárez. Unabaki." Akasogeza karatasi ya mkataba. Nilipokuwa natia saini akaongeza, "Kumbe ni mwanamke. Tavárez. Amenipigia mwenyewe. Anauliza kama yule mwingine, wa kamomili, naye anabaki."

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia nitampa onyo la maandishi. Akasema sawa, lakini nisimfukuze. Anasema bila sauti ile mchana wake ni mrefu."

Doña Nereida alikuwa ananingoja mezani na chupa mbili za rangi ya kucha. Ncha ya waya wake alishaipaka nyekundu, na tundu lake la kompyuta pia. Zangu alikuwa anazipaka waridi, ulimi umetoka pembeni, akiuweka mkono wangu mbali nisiguse kabla haijakauka.

"Barua ni yako," alisema, akanipa ile karatasi yenye alama nne za gundi. "Ila kuna tatizo. Picha imeshafika Nueva York. Zunilda ameionyesha kanisani."

"Tumwambie ukweli?"

"Umwambie wewe. Mimi kwa Zunilda nimebaki hivyo, nimetulia."

Taa zikazimika. Chumba kizima kilinyoosha mikono kwenye nyaya, na yeye wa kwanza, kabla hajajikumbuka. Alisimama gizani na waya mmoja mkononi, rangi bado mbichi, akiusogeza kwenye mwanga wa dirisha la ukutani.

"Dilenia, nyekundu ilikuwa yangu au yako?"